Maana ya kupachika lugha ya skripti katika hifadhidata

Kupachika lugha ya skripti katika hifadhidata ni kuiweka injini ya lugha kama Python, Perl au Lua ndani ya seva yenyewe, ili funksheni iliyoandikwa kwa lugha hiyo itekelezwe pale pale data ilipo, badala ya data kusafirishwa hadi kwenye programu ya nje. Wengi hubishana kuhusu lugha ipi ichaguliwe, ilhali kazi ngumu iko mpakani, mahali ambapo thamani huvuka kutoka SQL, lugha ya kuuliza na kubadili data, kuingia katika skripti na kurudi.

Tuanze na namba. Aina ya namba kamili iitwayo bigint katika hifadhidata ya PostgreSQL hubeba biti 64, lakini namba ya kawaida ya JavaScript, lugha nyingine ya skripti, huhifadhi namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Msanifu asipolizingatia hilo, tarakimu za mwisho za kitambulisho kirefu zitabadilika bila kosa lolote kuripotiwa. Redis, hifadhidata nyingine iliyopokea Lua katika toleo la 2.6, hukata desimali: skripti ikirudisha 3.99, aliyeiita hupata 3, na anayetaka desimali hana budi kuirudisha kama matini.

Usalama nao una uamuzi wake. PostgreSQL hutenganisha lugha zinazoaminika, yaani zilizozuiwa zisiguse vitu vya nje ya hifadhidata, na zisizoaminika, ambazo hazina kizuizi hicho. Perl inapatikana kwa sura zote mbili, plperl na plperlu, lakini Python ina plpython3u peke yake, kwa sababu hakuna njia madhubuti ya kuizuia isiguse mafaili ya seva. Kwa hiyo ni msimamizi mkuu pekee anayeweza kuunda funksheni zake.

Linalosahaulika zaidi, naona, ni muamala, yaani fungu la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja. Tuseme funksheni ya Python inapunguza mzigo katika ghala moja kwa amri ya kwanza, kisha inauongeza katika ghala jingine kwa amri ya pili. Amri ya pili ikishindwa na mwandishi akalinasa kosa kwa try na except, funksheni humalizika kana kwamba mambo ni shwari, na upunguzaji wa kwanza huthibitishwa pamoja na muamala mzima: mzigo umetoka huku, kule haukufika. Ndiyo maana PL/Python, yaani Python iliyopachikwa katika PostgreSQL, ina plpy.subtransaction(), ambayo huzifunga amri hizo mbili pamoja, moja ikianguka zote zitenguliwe, hata kama kosa litanaswa baadaye nje ya fungu hilo.