Ganda la Shaba Halichaguliwi kwa Mng'ao

Mombasa shaba si ngeni: tunaiona kwenye dele la muuza kahawa na kwenye milango ya Mji wa Kale, na kila nyumba ina mtu anayejua kuing'arisha. Ujuzi huohuo ndio unaowaponza walenga shabaha wanaojaza risasi upya kwa mkono, yaani wanaolitia ganda lililokwisha kufyatuliwa baruti na kichwa kipya cha risasi. (Ruhusa ya kufanya kazi hiyo iulizwe Bodi ya Leseni za Silaha, si rafiki wa klabuni.)

Kosa la kwanza ni kulikataa ganda lenye doa la buluu na kahawia shingoni eti limeungua. Doa hilo ni alama ya moto uliokusudiwa. Maganda haya ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30, na shaba hiyo hukakamaa kila inapofinyangwa. Kiwandani shingo na mabega hupashwa moto yalainike, yakishike kichwa cha risasi kwa nguvu ileile kila mara. Lapua, watengenezaji wa maganda wa Finland, huliacha doa lionekane. Wengine hulisugua mnunuzi asishtuke. Lakini kitako lazima kibaki kigumu, maana ndicho kinachobeba shindo. Anayeyatia maganda mazima kwenye oveni ili "kuyalainisha" anajitengenezea ajali.

Wengine hushika ganda kiganjani, wakiliona zito husema ndilo imara. Uzito mkubwa mara nyingi maana yake ni kuta nene, na kuta nene hupunguza nafasi ya baruti. Kipimo kilichokuwa salama kwenye ganda jepesi kinaweza kuzidisha shinikizo kwenye zito la kalibari ileile. Maganda ya kijeshi ya 7.62 NATO, kwa mfano, kwa kawaida ni mazito kuliko ya kiraia ya .308, ingawa kwa nje yanakaribia kulingana. Kwa hiyo usichanganye chapa. Mizani itumike kutoa yale yaliyojitenga na wenzake, kisha maikromita ipime unene wa shingo pande zote: upande mmoja ukizidi, kichwa cha risasi hakitaingia mtutuni kikiwa kimenyooka. Mimi ningechukua maganda hamsini yanayofanana kuliko mia mbili ya kuokoteza.

Kuhusu kusafisha, dawa nyingi za kung'arishia vitasa zina amonia, na amonia hupasua shaba iliyofinyangwa. Jeshi la Uingereza lilikiona hicho India katika karne ya 19: maganda ya risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipasuka yenyewe, na chanzo, amonia ya mkojo wa farasi, kilielezwa mwaka 1921. Kwetu, kwa unyevu wa kusi, stoo iliyopakana na banda la mbuzi si mahali pa maganda. Maji ya ndimu yaliyopunguzwa makali husafisha vizuri, mradi maganda yasuuzwe upesi. Ukiyasahau humo, zinki huliwa na ganda hugeuka rangi ya waridi.

Bei kubwa nayo haiondoi ukaguzi. Kitundu cha kitakoni kinachopitisha moto wa fataki, yaani kiwashio cha baruti, kikiwa na kingo mbaya hupatikana hata kwenye boksi la gharama.

Na usingoje shingo ipasuke ndipo ulistaafishe ganda. Hatari zaidi ni mfereji wa ndani, juu kidogo ya kitako, ambapo ukuta huwa mwembamba kila ganda linaponyooka ndani ya chemba, yaani sehemu ya bunduki linamokaa likifyatuliwa. Chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uuburute ndani kutoka chini kwenda juu. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo liponde kwa koleo lisirudi tena kwenye boksi.