Sajilini mlezi wa Inua Jamii mzee akiwa bado anatembea

Familia nyingi za hapa Kisumu hutafuta mlezi wa kumchukulia mzee pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, mzee akiwa tayari amelala kitandani. Wakati huo mzee hawezi kufika ofisini kusema kwa kinywa chake ni nani anayemwamini, na ndugu wameanza kuvutana.

Chagueni mtu mzima mwenye kitambulisho, anayekaa na mzee. Kijana aliye Nairobi, hata kama ndiye mwenye kazi, hafai. Mkaza mwana anayempikia uji kule Ahero anafaa zaidi. Mzee na mlezi waende wote wawili na vitambulisho na nakala zake kwa chifu au naibu wake, kisha kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Linganisheni majina herufi kwa herufi. Nafula kwenye kitambulisho na Nafulah kwenye akaunti ni watu wawili mbele ya mashine, na malipo hukwama hapo.

Alama za vidole ndizo husumbua zaidi. Mikono iliyolima miwa na mahindi miaka hamsini imelainika, mashine haioni mistari. Mzee anawe kwa maji ya uvuguvugu, ajikaushe, apake mafuta kidogo sana, kisha ajaribu vidole vyote kumi. Kidole kinachosomeka kiandikeni, mkitumie kila mara.

Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huja za miezi kadhaa pamoja. Mlezi awe na daftari: tarehe, kiasi kilichotoka, unga, dawa, nauli, chenji. Mzee asomewe, hata kama hasikii vizuri. Pesa ni zake. Mlezi ni mkono tu. Na kadi ya kuchukulia pesa isiachwe dukani kama rehani ya deni la sukari, wala nambari ya siri asipewe wakala, hata akiwa jirani mwema. Pesa zikikosekana, pigeni 1533, ni bure.

Mzee akifariki, mwambieni chifu na yule afisa mara moja. Malipo yakiingia baada ya hapo yasiguswe, hata kama jeneza bado halijalipiwa. Najua ni neno gumu kuambiwa matangani, lakini anayetoa pesa hizo kwa jina la marehemu anaweza kudaiwa azirudishe.