Je, wajua kwa nini rangi ya maji hukauka, kisha ikaamka tena?

Kwenye droo yangu kulikuwa na kibati cha rangi za maji nilichokisahau tangu masika ya mwaka juzi. Nilipokifungua, vidonge vilikuwa vimepasuka kama tope la bwawa lililokauka, na kile cha bluu kilikuwa kimebanduka kabisa, kinagongagonga ndani ya kisahani chake. Nikadondosha tone la maji juu ya kila kidonge, nikaenda jikoni kubandika chai. Niliporudi, brashi iligusa ile bluu ikatoka imejaa rangi mbichi, nyororo, utadhani imetengenezwa asubuhi hiyo.

Rangi ya mafuta haiwezi hilo. Rangi ya akriliki nayo haiwezi: brashi ukiisahau na akriliki usiku mmoja, kesho yake umeshika kijiti. Kwa nini basi hii ya maji hulala miaka na kuamka kwa tone moja? Jibu lake ndilo linaloeleza pia kwa nini wachoraji wanaosafiri, tangu enzi za misafara ya miguu hadi leo kwenye daladala, hubeba rangi hii kuliko nyingine zote.

Rangi yoyote ya kuchorea ina mambo mawili makuu: unga wenye rangi, na kitu cha kuushika unga huo usipeperuke. Unga unaweza kuwa uleule kwenye rangi ya mafuta na kwenye rangi ya maji. Kinachotofautisha ni kishikio. Mafuta ya kitani yanayotumika kwenye rangi ya mafuta hula oksijeni ya hewani, yakageuka ngozi ngumu ambayo hairudi tena kuwa mafuta. Akriliki ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea majini. Maji yakishatoka, chembe huungana zikawa utando mmoja, na maji mengine hayawezi kuutenganisha.

Rangi ya maji hushikwa na gundi ya mti. Mti wenyewe ni wa jamii ya migunga, unaoota kwenye ukanda mkavu wa Afrika kutoka Senegal hadi Sudan, na hata kwetu Kenya na Tanzania. Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa gundi hii, hasa eneo la Kordofan, na mji wa El Obeid ni soko lake kubwa. Mvua zikishakata, wakulima huchubua utepe wa gome. Mti hutoa utomvu ili kuziba jeraha, na baada ya wiki kadhaa matone huwa yameganda kama gololi za rangi ya asali. Hizo ndizo zinazochumwa, zikasafirishwa dunia nzima. Soda nyingi unazokunywa zina gundi hiyohiyo.

Ukiichunguza kwa ndani, gundi hii ni minyororo mirefu ya sukari, na sukari na maji ni marafiki wa siku zote. Rangi inapokauka, minyororo hiyo hulala karibu karibu tu. Haifungamani kikemikali, haigeuki kuwa kitu kingine. Maji yameondoka, basi. Maji yakirudi, inaachana na kuelea tena, na unga wa rangi unaelea nayo. Ni kama sukari iliyoganda chini ya kikombe: mimina maji ya moto, utaona.

Sisi wa pwani tunaweza kulielewa hili kwa kulinganisha na sandarusi. Nayo ni utomvu wa mti, na katika karne ya 19 Zanzibar iliuza sandarusi nyingi sana Ulaya na Marekani kwa ajili ya vanishi. Iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa ardhini huku bara, imekaa humo muda mrefu kiasi cha kuwa kama jiwe. Lakini sandarusi haiyeyuki majini, na ndiyo maana ilipendwa: vanishi inatakiwa ikatae maji. Utomvu mmoja uliuzwa kwa kuyakataa maji, mwingine kwa kuyakubali.

Gundi hiyo ilijulikana zamani sana. Wamisri wa kale waliichanganya na masizi wakapata wino wa kuandikia mafunjo. Ila kuitia mfukoni kama kibati cha rangi ni jambo la juzi. Wachoraji walisaga rangi zao wenyewe mpaka mnamo miaka ya 1780, William Reeves wa London alipoanza kuuza vidonge vikavu vilivyo tayari. Vilikuwa vigumu, ilibidi uvisugue kwanza. Mwaka 1835 kampuni ya Winsor & Newton, nayo ya London, ikatia gliserini, ambayo huvuta unyevu, na kidonge kikabaki laini kwa muda mrefu. Tangu hapo msafiri hakuhitaji chochote zaidi ya brashi, karatasi na maji ya kunywa.

James Augustus Grant alikuwa msafiri wa namna hiyo. Aliondoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile, wakapitia Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Huko Karagwe Grant alibaki nyuma miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mbovu. Msafara wao uliishia Misri mwaka 1863, baada ya kupita Khartoum, katika nchi yenyewe ya gundi. Michoro yake ya rangi za maji imehifadhiwa Edinburgh, kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland. Imebebwa vichwani mwa wapagazi, ikapita mvua na mito, na bado inaonekana. Mara nyingi nawawazia wapagazi wale. Walitembea njia yote ile, na hatuna hata kurasa mbili zilizochorwa na wao.

Sasa nirudi kwenye maji, maana ndiyo hasa yanayochora. Tazama alama ya chai iliyomwagika mezani: katikati imefifia, pembeni ina mstari mweusi. Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu. Maji ya ukingoni hukauka haraka zaidi, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo, yakibeba chembe na kuzirundika pembeni. Kwenye karatasi ya kuchorea ni vivyo hivyo. Ule mstari mkali unaozunguka wingu ulilolipaka hukuupaka wewe. Umepakwa na maji yakiondoka. Anayeijua siri hii huacha kupigana nayo. Akitaka ukingo laini, hulowesha karatasi kwanza. Akitaka ukali wa kivuli cha baraza saa saba mchana, hupaka juu ya karatasi kavu na kuiacha.

Pwani kuna tatizo la unyevu. Mchana wa Januari jijini Nairobi anga langu lilikauka kabla sijamaliza kulipaka. Unguja wakati wa masika, nilingoja, nikangoja tena, mwishowe nikafunga kijitabu kwa haraka ya kuwahi gari. Nyumbani nikakuta kurasa mbili zimeshikana, kwa sababu ile gundi bado ilikuwa gundi. Na usijaribu kuchota maji ya bahari. Chumvi hubaki kwenye karatasi, inavuta unyevu wa hewani, na ukurasa haukauki vizuri.

Lakini kule kungoja ndiko ninakokupenda zaidi. Kuna mlango Mji Mkongwe niliopita mbele yake miaka mingi. Siku niliyoketi kwenye baraza la mkabala kuuchora, nikapaka kivuli cha kwanza na kulazimika kukaa mikono mitupu, ndipo nilipoona mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, samaki karibu na ardhi, na mfaa wa katikati uliolika pale mikono inaposukuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambamo watu walipewa maneno ya kukumbuka, mengine wayaandike, mengine wayachore kwa sekunde 40. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, na ubora wa mchoro haukuleta tofauti. Anayesema "mimi sijui kuchora" asijinyime, basi.

Anza na kidogo. Rangi tatu zinatosha mwezi wa kwanza: njano, nyekundu, bluu. Nyeupe huhitaji, nyeupe ni karatasi. Ukichora wazee wakitoka msikitini Ijumaa, kanzu usiziguse kabisa. Paka ukuta ulio nyuma yao, na kanzu zitajitokeza zenyewe. Pesa kidogo uliyo nayo itie kwenye karatasi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba ukiipata, kwa kuwa ya daftari hujikunja ikilowa. Kwenye kivuko cha Kigamboni hakuna muda wa rangi, hivyo piga mistari ya pensili tu: kichwa cha mbele yako, beseni la ndizi, mlingoti. Rangi utaipaka jioni, na utashangaa jinsi rangi ya lile beseni ilivyokukaa akilini.

Ukimaliza, usifunge kibati kikiwa kibichi. Gundi ni sukari, na ukungu wa pwani hula sukari. Changu hukaa wazi dirishani usiku kucha, na asubuhi vidonge vimelala tena, vikavu, vinangoja maji.