"Aliyezaa Alee": Dhana Potofu Kuhusu Serikali Kuchangia Malezi ya Watoto

Bibi mzaa mama alilea wajukuu wawili uzeeni. Mama yao, ambaye kwangu ni mama mdogo, alifariki wakati hata wa kwanza hajaanza shule. Bibi alipoingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hapa Tanzania, ule ambao kila mtu anauita TASAF kwa jina la mfuko wa serikali unaouendesha, siku moja nilimsindikiza kwenda kuchukua hela zake. Walengwa walikaa chini ya mwarobaini nje ya ofisi ya kijiji, vitambulisho mikononi, wengi wao kina mama na vikongwe. Bibi alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia tupitie dukani kwanza kabla hajasahau.

Njiani tulipita kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja ninayemfahamu, mchapakazi kwelikweli, akasema kwa sauti: "Aliyezaa alee. Mbona mimi na wanangu watatu sipewi?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale nimeyasikia mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye daladala, misibani, hata kwa watu wenye vyeo, na yamebeba dhana ambazo zikipimwa hazisimami.

"Hela zenyewe ni nyingi, zinawafanya watu wabweteke"

Tuanze na hesabu. Katika awamu ya kwanza ya mpango, kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi. Ikiwa na mtoto iliongezewa 4,000. Kwa kila mtoto wa shule ya msingi ilipata 2,000 zaidi. Bibi na wajukuu wake wawili wa shule walistahili shilingi 18,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Gawanya kwa siku 30, ni shilingi 600. Gawanya kwa watu watatu, ni 200 kwa kila mmoja. Wakati ule 200 ilinunua maandazi mawili.

Hakuna anayebweteka kwa maandazi mawili. Bibi aliendelea kulima shamba lake la uwele hadi magoti yalipokataa. Kilichobadilika ni kwamba mwezi wa pili na wa tatu, ghala likiwa tupu na mavuno bado, hakulazimika tena kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu na kuliacha la kwake likiliwa na magugu. Mtu asiyejua maisha ya kijijini anaweza kuona hilo ni dogo. Aliyewahi kuuza nguvu zake msimu wa palizi ili watoto wale usiku huo anajua gharama yake: mwaka unaofuata njaa inakuwa kubwa zaidi.

"Ukiwapa hela za watoto, watazaa ovyo ili wapate zaidi"

Hii ndiyo hofu kubwa kuliko zote, na inasemwa na watu wale wale wanaosema kila mtoto huja na riziki yake.

Angalia mpango wenyewe ulivyopangwa. Ile 4,000 ya watoto ililipwa mara moja kwa kaya, iwe na mtoto mmoja au saba. Ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa kwa watoto wasiozidi 4. Hata kaya iliyotimiza kila kigezo, yenye wanafunzi hadi kidato cha sita, haikuweza kuvuka shilingi 38,000 kwa mwezi. Mama anayebeba mimba miezi tisa, akanyonyesha miaka miwili, akavisha na kulisha miaka 18, hawezi kufanya hayo yote kwa ajili ya nyongeza ambayo pengine haipo kabisa.

Na si hesabu tu. Zambia ilianza mwaka 2010 kulipa ruzuku ya watoto kwa kaya zenye watoto wadogo katika wilaya za Kalabo, Kaputa na Shangombo. Watafiti walizilinganisha kaya zilizopata na zisizopata kwa miaka kadhaa, na hawakuona ongezeko la uzazi. Kenya nako, kwenye mpango wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu, uwezekano wa wasichana wa kaya zilizopokea kupata mimba za mapema ulipungua kwa pointi 5 hivi za asilimia. Sababu haihitaji mganga. Binti ambaye nyumbani kuna sabuni, kuna pedi na kuna unga hana sababu ya kumsikiliza mwanamume anayemwahidi hivyo vitu.

Afrika Kusini, yenye mpango wa ruzuku ya watoto unaofikia watoto wengi mno, imekuwa ikilipa tangu 1998. Idadi ya watoto kwa kila mwanamke iliendelea kushuka.

"Zitaishia kilabuni"

Yupo mlevi mmoja kila kijiji, na hadithi yake husimuliwa mpaka ionekane ni ya wote. Mwaka 2014 wachumi wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za ruzuku za fedha kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakitafuta jambo hilo hilo: je, wapokeaji hununua zaidi pombe na tumbaku? Jibu la jumla lilikuwa hapana. Mahali pengi matumizi ya vitu hivyo yalishuka.

Nyumbani tuna ushahidi wetu. Kabla TASAF haijaeneza ruzuku nchi nzima, ilifanya majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 40 vilianza kupata fedha mwaka 2010 na vingine 40 vikasubiri, ili ionekane tofauti. Zilienda wapi hela? Kaya ziliongeza mifugo midogo. Zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya matibabu, kwa wingi zaidi kuliko za vijiji vilivyosubiri. Watoto walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Na kuna tokeo moja ambalo huwa linanigusa kila nikilikumbuka: watoto wa kaya zile walikuwa na viatu.

Viatu. Aliyekulia mjini anaweza kupita hapo bila kusimama. Lakini mtoto anayetembea pekupeku kwenda shule hupata minyoo ya safura inayopenya kwenye nyayo, hiyo minyoo hunywa damu yake, na mwalimu humwona anasinzia darasani akadhani ni mzembe. Siku ile dukani, Bibi alinunua mche wa sabuni, daftari nne, kilo mbili za sukari na ndala jozi mbili, moja ya bluu na nyingine nyekundu. Alizipima kwa vipande vya ukindu alivyokata asubuhi kwa urefu wa nyayo za wajukuu, akavifunga kwenye khanga ili asikosee. Kiasi kilichobaki alinunua mtetea kwa jirani. Kilabu kilikuwa hatua 20 kutoka duka lile.

"Haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika ana ukoo wake"

Nauheshimu ukoo, umenilea. Lakini wazee waliposema mkono mmoja haulei mwana hawakutaja mikono mingapi inatosha wala hawakusema serikali isiweke wake.

Kenya ilijifunza hili kwa uchungu. Ukimwi uliua kizazi kizima cha wazazi, na yatima wakarudi kwa ukoo kama ilivyo desturi. Ukoo uliwapokea. Nani aliwakataa? Ila aliyepokea alikuwa nyanya wa miaka 70 mwenye wajukuu sita, na wajomba waliopaswa kumsaidia walikuwa makaburini nao. Mwaka 2004 serikali ikaanza majaribio madogo kwa kaya 500 tu, Garissa, Kwale na Nairobi, kwa shilingi 500 za Kenya kwa mwezi. Kiasi kikapanda hadi 2,000, na mpango ukawa sehemu ya Inua Jamii, mpango wa ruzuku wa taifa zima. Ukoo haukuvunjwa na hela zile. Ziliuwezesha kufanya kazi yake, yatima wakabaki kwa nyanya yao badala ya kupelekwa vituoni au kuishia mitaani.

Afrika Kusini iliandika jambo hili kwenye mpango wenyewe. Kamati iliyoongozwa na Profesa Francie Lund ilipendekeza fedha imfuate mtoto: anayelipwa ni yule anayemlea kweli, awe mama, bibi, shangazi au hata jirani. Walijua jinsi watoto wetu wanavyohama kutoka mkono hadi mkono, na wakaufanya mpango ulingane na maisha hayo.

"Kina baba watatoroka"

Wanaotoroka walikuwa wanatoroka kabla ya TASAF. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtwika baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mama kudai matunzo mahakamani. Ruzuku haifuti hata mstari mmoja wa sheria hizo. Kinachotakiwa ni maofisa wa ustawi wa jamii wa kutosha wa kuzisimamia, na kutomwadhibu mtoto kwa njaa huku tukimsaka baba yake.

"Elimu ni bure, serikali imeshamaliza kazi yake"

Kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kulikuwa jambo kubwa na watoto walifurika darasani. Lakini ada ilikuwa kipande tu cha mzigo. Ruzuku ya serikali kwa shule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima. Sare, sweta, begi, madaftari na mchango wa uji vilibaki kwa mzazi. Tena mtoto huanza kugharimu kabla hajashika kalamu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na udumavu huingia zaidi tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo, ambapo hakuna shule wala mwalimu wa kuuona.

"Tunaofanya kazi tunawalipia wasiofanya"

Hapa namrudia yule kijana wa bodaboda, kwa sababu swali lake lilikuwa na haki ndani yake.

Mfanyakazi mwenye ajira rasmi Tanzania, akijifungua, ana likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo ni jamii ikichangia malezi kwa amri ya sheria, na ni sawa kabisa. Mama lishe, mkulima na mke wa bodaboda hawana siku hata moja. Lakini wote hulipa kodi: kwenye kila kipande cha sabuni cha kiwandani kuna VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18, na muuzaji haulizi kama mnunuzi ni maskini. Bibi alilipa sehemu ya barabara wanayopita watu wenye magari. Kwa hiyo kusema walengwa wanakula jasho la wengine si kweli.

Kosa la mpango liko kwingine, na lazima lisemwe. Kuchagua maskini miongoni mwa maskini ni kazi ngumu na yenye chuki. Mwaka 2016 maelfu ya kaya zisizostahili ziliondolewa kwenye orodha, na wakati huo huo wapo waliostahili ambao hawakuandikwa kamwe. Kijijini kwetu wanawake wawili, majirani wa ukuta kwa ukuta, waliacha kusalimiana kwa sababu mmoja aliitwa na mwingine hakuitwa, nao walipishana kwa mbuzi mmoja tu. Mimi naona dawa ni ruzuku kwa kila mtoto mdogo, bila dodoso la nani ana bati na nani ana nyasi. Hapo na watoto watatu wa yule kijana wangekuwemo.

"Tutajirike kwanza, ndipo tufikirie hayo"

Uingereza ilipitisha sheria ya posho za familia mwaka 1945, miji yake ikiwa vifusi na chakula kikigawiwa kwa kuponi. Aliyeipigania zaidi ni mbunge Eleanor Rathbone, kwa miaka karibu 30. Dakika za mwisho serikali ilitaka alipwe baba, naye akakataa katakata hadi ikakubaliwa alipwe mama. Alifariki Januari 1946, na malipo ya kwanza, shilingi 5 kwa wiki kuanzia mtoto wa pili, yalitoka Agosti mwaka huo. Afrika Kusini ilianza kwa randi 100 kwa watoto wa chini ya miaka 7 tu, ikapandisha umri hatua kwa hatua hadi 18.

Na hatuhitaji kuvuka bahari mbali hivyo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, tajiri au fukara, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Hakuna anayepangwa kwa umaskini wake, kinachoulizwa ni umri na ukaazi. Kwa watoto, swali la umri ni jepesi zaidi, maana kila mtoto anayefikishwa kliniki ana kadi yake yenye tarehe ya kuzaliwa, na muuguzi huijaza kila mwezi anapompima uzito. Ningeanzia hapo: wa chini ya miaka miwili, kila wilaya, fedha itoke siku hiyo hiyo ya mzani.