Je, wajua kwa nini Vita vya Kagera viliua swala Mwanza?

Ukishuka kwenye boti pale Saanane, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, wa kwanza kukupokea ni pimbi, wamejilaza juu ya mawe wakiota jua. Geuka nyuma: Mwanza hiyo hapo, kama kilomita mbili tu, mabati ya nyumba za vilimani yanang'aa. Sasa nani alituma ndege ya kivita ije kupiga wanyama kisiwani?

Hakuna. Mwishoni mwa Machi 1979, katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, jeshi letu lilikuwa linaisogelea Kampala. Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya na mshirika wa Amin, akampa Nyerere saa 24 aondoe askari wake Uganda. Nyerere hakuondoa hata mmoja. Ndipo ikaja Tu-22 ya Libya, ndege ya kudondosha mabomu iliyoundwa Urusi, ikaukosa mji. Mzigo wake ukaangukia Saanane, bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964. Walikufa swala sita na ndege kadhaa (wa manyoya hawa, si wa chuma), na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo.

Ilikosaje mji mzima? Piga hesabu. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, inakata mita 250 kila sekunde. Rubani akikosea kwa sekunde nane, kilomita mbili hizo zimekwisha. Na mabomu ya enzi zile hayakuwa na macho; likishaachiwa, limeachiwa.

Ubishi uko kwenye shabaha. Wengi husema alilenga ghala la mafuta, wengine husema alitaka kuwatisha wakazi tu. Mimi nipo upande wa ghala, maana jeshi lililo mbali na kwao hukwama mafuta yakikatika. Kuna pia wanaosema yalikuwa maroketi, si mabomu. Hilo haliniingii akilini sana: Tu-22 za Libya zilikuwa za kubeba mabomu.

Angalia pia Tanzania ilivyojibu. Siku chache tu baadaye ndege zetu zilipiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Na Aprili 11 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo, huku askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin, wale waliobaki, wakitafuta njia ya kurudi kwao.