Kuzungumza Mbele ya Hadhira: Maana Yake na Namna Inavyofunzwa Sekondari

Kuzungumza mbele ya hadhira ni kuwafikishia watu wengi kwa pamoja wazo moja lililopangwa, kwa sauti na kwa mwili, ndani ya muda uliowekwa, ili waelewe, wakubali au watende jambo. Kipimo chake kipo kwa wasikilizaji. Mwanafunzi aliyemimina misamiati mizito kwa dakika kumi, darasa likatoka bila kujua alitetea nini, hajazungumza vizuri hata kama alipigiwa makofi.

Hii ni stadi moja kati ya stadi za mawasiliano, pamoja na kusikiliza, kuuliza na kujibu. Inatofautiana na maongezi ya kawaida kwa kuwa msikilizaji hawezi kukukatiza akuulize ulimaanisha nini, wala hawezi kurudi nyuma kama afanyavyo msomaji wa kitabu. Ndiyo maana hotuba hurudia wazo lake kuu kwa makusudi, hutumia sentensi fupi, na hutangaza kila hoja mpya inapoanza. Insha nzuri ikisomwa jukwaani mara nyingi huchosha, kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya macho.

Warumi wa kale waliigawa kazi hii katika sehemu tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuchagua lugha, kukumbuka na kuwasilisha. Mgawanyo huo bado unafaa darasani kwa sababu unasaidia kuona kosa liko wapi. Wanafunzi wengi humalizia nguvu zao zote kwenye kukumbuka, na hapo ndipo wanapoharibikiwa.

Anayekariri hotuba neno kwa neno huwa ameitegemeza kila sentensi kwenye iliyotangulia. Ikimponyoka moja, zinazofuata hazipati pa kushika, naye hunyamaza akiwa amekodoa macho darini. Hata asiposahau, sauti yake huwa ya kukariri: kiimbo kimoja mwanzo hadi mwisho, na macho hayaoni watu. Dawa yake ni kushika kichwani mambo matatu tu: sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho na mfuatano wa hoja. Yaliyobaki yaandikwe kwenye kadi inayoenea kiganjani, maneno matano hadi saba kwa kila hoja, bila sentensi kamili. Kisha fanya mazoezi kwa sauti, ukiwa umesimama, mara nne au tano. Maneno yatabadilika kidogo kila mara, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa anayeanza, hotuba ya dakika 3 inatosha. Utangulizi uchukue sekunde 20 hadi 30, salamu zikiwemo. Hoja ziwe mbili, kila moja dakika moja: itaje, toa sababu, toa mfano, kisha ionyeshe inavyoliunga mkono wazo kuu. Hitimisho sekunde 20. Sekunde zinazobaki ni za vituo vya kupumzika. Ukiweka hoja tano katika muda huo, zote zitakuwa vichwa vya habari visivyo na ushahidi. Ili kujua maandalizi yako yasizidi maneno mangapi, soma kwa sauti kwa dakika moja kwa mwendo wa kawaida, hesabu maneno, zidisha kwa 3, halafu punguza sehemu ya kumi.

Hofu inastahili kuelezwa kwa uwazi, maana ndiyo inayowazuia wengi kujaribu. Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na mikono kutetemeka ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa hofu. Mwili unajiandaa kukabili jambo zito. Kwa kawaida hali hiyo huwa kali zaidi mwanzoni, kisha hupungua, na ndiyo sababu sentensi ya kwanza inafaa kukaririwa. Kabla ya kusimama, vuta pumzi ukihesabu hadi 4 na uitoe ukihesabu hadi 6, mara kadhaa. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wazungumzaji hudhani wasiwasi wao unaonekana zaidi kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba waliojulishwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Kwa hiyo mwalimu aliambie darasa hilo waziwazi, na awapandishe wanafunzi kwa ngazi: wawili wawili, kikundi cha wanne, darasa zima, kisha mkutano wa shule. Kumsukuma mwenye hofu moja kwa moja mbele ya shule nzima humfundisha kukimbia jukwaa.

Kuhusu sauti, tatizo kubwa ni haraka. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo anayekimbia humeza viambishi vya mwanzo. "Hatutakubali" ikimezwa husikika "tutakubali", na maana imepinduka. Tamka mwanzo wa neno kikamilifu, na pumzika baada ya kila hoja. Kituo hichohicho ndicho kichukue nafasi ya "eee", "yaani" na "sasa" zinazojitokeza ulimi unapotafuta neno.

Shule nyingi humpa mwanafunzi zamu moja, humwambia "umejitahidi", kisha hupita kwa mwingine. Hapo hakuna alichojifunza. Mrejesho utaje jambo moja la kudumisha na moja la kubadilisha, kwa ushahidi ("ulipotoa mfano wa pili uliangalia kadi tu"), halafu mwanafunzi atoe hotuba ileile tena ndani ya wiki hiyo. Marudio hayo ndiyo mafunzo yenyewe.

Mdahalo huongeza stadi ya kusikiliza. Katika mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mwaka 1988, wazungumzaji watatu wa kila timu hupewa dakika 8 kila mmoja, na wapinzani wanaweza kuomba kuuliza swali baada ya dakika ya kwanza hadi mwisho wa ya saba. Darasani anzeni kwa sharti rahisi zaidi: kabla ya kupinga, rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni wengi hushindwa, kwa kuwa mwenzao alipokuwa akizungumza wao walikuwa wakiandaa jibu.