Je, wajua kwa nini neno "work" la Kiingereza lina maana nyingi hivyo?

Chukua sentensi nne. "She works in a bank": ameajiriwa benki. "The medicine works": dawa inasaidia. "Shakespeare's works": tamthilia na mashairi yake. "We worked it out": tulipata ufumbuzi, pengine baada ya kuvutana sana. Neno ni lile lile, na aliyekariri kwamba "work" ni kazi, basi, akifika sentensi ya nne anakwama.

Siri ni kwamba neno hili halikuanza kama jina la ajira. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita lilikuwa "weorc", nalo lilibeba tendo pamoja na kile kilichozaliwa na tendo hilo. Kujenga ngome ni weorc. Ngome yenyewe nayo ni weorc. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kitabu cha mwandishi, au "clockwork", yaani mitambo iliyomo ndani ya saa. Mshahara wa mwisho wa mwezi ni tawi moja tu la mti huu.

Zamani wakati uliopita wa kitenzi chake ulikuwa "wrought". Leo watu husema "worked", ila umbo la kale limebaki katika "wrought iron", chuma kilichofuliwa. Ndugu yake ni "wright", yaani fundi: "shipwright" ni fundi wa merikebu. Na mtunzi wa tamthilia huitwa "playwright", si "playwrite" kama wengi wanavyoandika. Kuandika anaandika, lakini lugha imemweka kundi moja na waunda merikebu. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mwandishi.

Ukichimba zaidi unakutana na Kigiriki. Shina lile lile huko lilitoa "ergon", kazi. Humo ndimo lilimotoka neno "energy", nishati. "Surgery", upasuaji, chanzo chake ni mkono na kazi. Jina George ni ardhi na kazi, maana yake mkulima. Ninalolipenda kuliko yote ni argoni. Gesi hii, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, iligunduliwa mwaka 1894 na Lord Rayleigh na William Ramsay. Waliona haiungani na kitu chochote, wakaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, asiyefanya kazi.

Wanafizikia nao wakalibana neno kuliko mtu yeyote. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, katika kitabu chake cha 1829, alilipa neno la Kifaransa la kazi maana ya kipimo: kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kiingereza kikaweka "work", sisi tukaweka kazi. Nyanyua sanduku la kilo 20 hadi mita 1.5, umefanya kazi ya jouli 294 (jouli ndicho kizio cha kupimia kazi). Sasa simama nalo hapo hapo nusu saa, mikono ikitetemeka na jasho likikutiririka: kwa hesabu ya fizikia, sanduku hilo hujalifanyia kazi yoyote ya ziada, maana halijasogea.

Kiswahili nacho kimelinyoosha neno kazi. Twauliza "figo ina kazi gani?", twalalamika "kazi yake kulala tu", na jambo likiwa gumu twasema "hapo kuna kazi". Lakini matawi ya maneno haya mawili hayalingani, na anayefasiri hana budi kutazama ni nini kilichobadilika katika sentensi. "He worked on his father until he agreed": alimbembeleza baba yake mpaka akakubali. "Don't get worked up": usipandishe hasira. "It didn't work": haikufua dafu.